Sekunde Kumi na Moja za Kimya

Kwenye kituo cha redio walimwita Mkasi, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyemzidi katika kazi ya kukata sauti. Kikohozi cha waziri, "eee" nyingi za mwalimu mkuu, mlango uliobamizwa daktari akiwa katikati ya maelezo, vyote aliviondoa kwenye kompyuta pasipo kuacha kovu. Fundi mitambo alizoea kuwatania wageni mlangoni: "Ukihojiwa na Mkasi usivute pumzi ovyo. Ataondoka nayo."

Alikuwa amevuka mpaka miaka kumi na moja kabla ya mambo ninayoyasimulia hapa, akiwa na binti wa miezi minane mgongoni na cheti cha ualimu mkobani. Alimfuata mume ambaye hakuonekana kwenye anwani aliyoiandika. Wapangaji wa nyumba ile walimwambia kwamba mtu wa sura hiyo aliishi pale zamani kidogo, kisha akahama. Ofisi tatu zilikigeuzageuza cheti chake mbele na nyuma, zikamrudishia na kumtakia kila la heri. Kwa muda alifua nguo za watu. Halafu siku moja, kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, akaona karatasi ya kituo cha redio. Walimtaka mtu anayeijua vizuri lugha ya ng'ambo ya mpaka.

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Walimpa chumba kisicho na dirisha mwisho wa ujia, meza, redio ya masafa marefu na hedifoni ambazo sifongo yake ilikuwa imeliwa na miaka. Mkasi alizishonea kitambaa cha gauni lake la zamani zisimchubue masikio. Kila asubuhi alisikiliza matangazo ya nchi yake na kuyaandikia muhtasari, ili chumba cha habari kijue jirani anasema nini. Kuna siku alisikia mtaa wa wazazi wake ukitajwa katika habari za mafuriko. Aliandika mistari minne kama ilivyotakiwa, akaenda msalani akalia, akanawa uso, akarudi kuandika habari za bei ya mbolea. Jioni alipata simu ya kaka yake: wote wazima, wamepoteza magodoro tu.

Mhariri mkuu, mzee mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, ndiye aliyemtoa katika chumba kile. Aliuona muhtasari wake, akasema mtu anayejua kupunguza maneno atajua pia kupunguza sauti. Akamketisha mbele ya kompyuta na kumwonyesha maneno ya binadamu yanavyoonekana yakichorwa: vilima hapa, mabonde pale, na mahali mtu aliponyamaza, mstari mnyoofu.

"Huu mstari ni adui yako," alimwambia. "Msikilizaji hajui kwamba mtu anafikiri. Anachojua ni kwamba redio yake imekufa. Ataipiga kofi, halafu atahamia kituo kingine. Ukiuona, kata."

Naye alikata. Alikata kwa miaka sita. Kila mwaka aliomba apewe nafasi ya kuripoti kwa sauti yake, na kila mwaka alijibiwa kwa upole uleule.

"Sauti unayo, mwanangu," mhariri mkuu alisema. "Tatizo ni lafudhi. Hiyo bado inatumia pasipoti ya kwenu."

Basi alifanya mazoezi nyumbani akiwa ameuma penseli, akisoma gazeti kwa sauti mbele ya dirisha la jikoni. Binti yake, aliyekua akizungumza kama watoto wote wa mtaa ule, ndiye aliyekuwa mwalimu wake, tena mwalimu mkali.

"Mama, hapo umesema kama mtu anayetafuna soksi."

"Soksi safi au chafu?"

"Chafu. Rudia."

Waandishi wawili walipohamia kituo kingine kwa mpigo, mhariri mkuu hakuwa na mtu wa kumtuma mjini. Akampa Mkasi kinasa sauti na miezi sita ya majaribio. Masharti yalikuwa wazi. Mkataba wake wa uhariri ulifungwa. Akifaulu angeandikiwa mkataba wa uandishi wa habari, na kwa barua ya mkataba huo ofisi ya uhamiaji ingemwongezea kibali cha kuishi, yeye pamoja na binti yake. Asipofaulu hakuna mkataba, na pasipo mkataba hakuna kibali. Tarehe ya mwisho ya kibali aliiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa kabati, mahali ambapo binti yake hakuzoea kufungua.

Miezi minne ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Wasikilizaji waliizoea lafudhi yake. Wengine walipiga simu kusema inawaamsha. Mwezi wa tano mvua zikanyesha, mabomba ya zamani yakapasuka chini ya ardhi, na maji katika mitaa ya mashariki yakaanza kutoka yakiwa na rangi ya chai nyepesi. Mkasi aliomba miadi na mkurugenzi wa idara ya maji.

Mkurugenzi alimpokea vizuri, ofisini mwenye feni ya dari na kiti cha ngozi kilicholia kila mwenyewe alipojigeuza. Alieleza juu ya dawa, vipimo na wataalamu. Mkasi aliweka kinasa sauti mezani, macho yake yakiwa kwenye vitaa vidogo vinavyoonyesha sauti inaingia kwa kiasi gani. Mwandishi mgeni kazini huogopa sana kurudi na rekodi iliyoharibika, na hofu hiyo humfanya akitazame chombo kuliko mtu. Mwisho akauliza swali aliloliandaa tangu nyumbani.

"Mheshimiwa mkurugenzi, wewe mwenyewe unayanywa maji ya bomba?"

Mkurugenzi alinyamaza. Kiti kikalia. Kisha akasema, "Ndiyo. Nayanywa. Ni salama."

Ripoti ilipewa dakika tatu, naye alikuwa na dakika tatu na sekunde kumi na nane. Aliketi kwenye kompyuta, akapunguza hapa na pale, kisha akauona mstari mnyoofu baada ya swali lake, na mkono ukaenda wenyewe kama mkono wa mshonaji unavyoenda kwenye uzi uliochomoza. Alipomaliza, swali na jibu viligusana. Wewe mwenyewe unayanywa? Ndiyo, nayanywa, ni salama. Ilisikika kama jibu la mtu ambaye hana haja hata ya kufikiri.

Siku tatu baadaye binti yake alirudi kutoka shule kabla ya wakati, mkono tumboni, uso umepauka.

"Tumerudishwa wengi," alisema. "Darasani kwetu peke yake tumerudi tisa. Walifungua yale mabomba ya uani."

"Yale yaliyofungwa maji yalipobadilika rangi? Nani kawaambia wayafungue?"

"Mwalimu mkuu. Kasema redio imetangaza maji ni salama."

"Redio gani hiyo?"

Binti alimtazama mama yake kwa mshangao. "Si wewe, mama."

Mtoto aliugua siku mbili. Siku ya tatu aliamka akadai mkate na chai, akala vipande vinne na kuulizia cha tano, na Mkasi akalazimika kugeukia dirishani ili asionekane anavyofuta macho. Watoto wengine nao walipona mmoja mmoja, hakuna aliyelazwa. Hilo lilimtua mzigo mmoja. Mzigo wa pili ulibaki, maana kila alipokumbuka ripoti ile alisikia swali na jibu vikigusana.

Wazazi walikwenda kulalamika baraza la mji, na baraza likamtaka mkurugenzi ajieleze. Naye, badala ya kujieleza, aliandika barua kwa kituo cha redio. Barua ilifika Jumanne asubuhi ya wiki ya mwisho ya majaribio. Kibali kilikuwa kinakwisha Ijumaa.

Mhariri mkuu aliisoma mara mbili, kisha akatuma mtu amwite Mkasi.

Siku zile kituo kilikuwa na kanuni kwamba rekodi ghafi, yaani mahojiano kabla ya kukatwa, hutunzwa na mwandishi kwa siku thelathini, kisha yeye mwenyewe huifuta. Jumanne ile ilikuwa siku ya ishirini na sita. Mkasi alisimama kwenye ngazi, kinasa sauti mkononi, akaitafuta rekodi ya maji. Kitufe cha kufuta kilikuwa chini ya kidole gumba. Angeweza kusema ameifuta mapema kidogo ili kupata nafasi, na nani angebisha? Waandishi wote walifanya hivyo. Alifikiria tarehe ya kalamu nyekundu. Alifikiria kupanga tena maisha kwenye mabegi mawili, na binti ambaye lafudhi yake ingechekwa upande ule wa mpaka kama yake ilivyochekwa upande huu.

Fundi mitambo alikuwa anapanda ngazi na waya shingoni. Kwa miaka mingi alimwita Mkasi shemeji, akidai kwamba kaka yake mkubwa atakuja kumposa, ingawa kaka huyo hakuna aliyewahi kumwona.

"Shemeji, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Mzee anakuita. Ana sura ya mtu aliyemeza wembe."

"Naenda."

"Nenda basi. Na mimi niliyeambiwa nikuchunge, nitamjibu nini kaka?"

Mkasi alicheka bila kutaka. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akaenda ofisini kwa mhariri mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Mkurugenzi wa maji anasema tulimkata. Anasema aliposikia swali lako alisita, alisita sana, na kwamba mtu yeyote mwenye masikio angeelewa kuwa hana uhakika. Anasema kituo kimemfanya aonekane amewahakikishia watu kitu ambacho hakukihakikisha. Anataka tuombe radhi, na tuyatangaze mahojiano kama yalivyokuwa." Alivua miwani ya machoni, akabaki na ile ya paji la uso. "Nakuuliza mara moja tu. Ulimkata?"

"Nilimkata, mzee."

"Wapi?"

"Baada ya swali la mwisho. Alinyamaza. Sikumbuki ni muda gani, lakini ni mrefu. Niliona mstari, nikakata. Sikufikiri. Ningefikiri ningejua kwamba kule kunyamaza ndiko kulikuwa jibu. Binti yangu ni mmoja wa waliougua." Akaweka kinasa sauti mezani. "Yote yamo humu."

Mhariri mkuu aliunganisha kinasa sauti na spika iliyokuwa juu ya kabati, wakasikiliza. Swali likaja. Halafu kimya: feni, kiti kikilia, feni tena. Kisha kikafuata kisauti kidogo kikavu, *krak*, na kingine cha kitu kinachomiminwa, na mtu akimeza. Halafu: "Ndiyo. Nayanywa. Ni salama."

"Rudisha," alisema mhariri mkuu.

Wakarudisha. *Krak.*

"Hicho nini?"

Mkasi alikuwa ameshika mdomo. Sasa alikumbuka. Mkono wa mkurugenzi ulikuwa umepita pembeni ya macho yake, yeye akiangalia vitaa. "Chupa, mzee. Alifungua chupa ya maji ya dukani. Ilikuwa na lakiri yake, haijafunguliwa. Alikunywa, ndipo akanijibu."

Mhariri mkuu aliinamisha kichwa mpaka miwani ya paji la uso ikamshukia puani. Mabega yalitikisika. Ilimchukua Mkasi muda kutambua kwamba mzee anacheka.

"Na ameandika kwa mkono wake," alisema akifuta machozi, "kwamba anataka yatangazwe kama yalivyokuwa. Basi, tumtimizie." Kisha kicheko kikamwishia, akamtazama sawasawa. "Lakini usidhani chupa imekuosha. Kosa lako liko palepale. Hata kama asingefungua chupa yoyote, haikuwa haki yako kuondoa kimya cha mtu. Na mimi ndiye niliyekufundisha kukata pasipo kukufundisha mahali pa kuacha. Kesho saa saba mchana utayasema haya hewani, kwa sauti yako."

"Na mkataba, mzee?"

"Kesho saa saba mchana," alirudia mhariri mkuu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho watu wa redio peke yao wangekifikiria. Fundi mitambo alikileta asubuhi iliyofuata akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Katika chumba cha mitambo kulikuwa na kifaa kinacholinda matangazo. Kikisikia kimya kwa sekunde nane kinaamini kwamba studio imeharibika, nacho kinaanza kupiga muziki wa dharura bila kumwuliza mtu. Kimya cha mkurugenzi kilikuwa sekunde kumi na moja, na feni, kiti na chupa vilikuwa vidogo mno kwa masikio ya mashine.

"Maana yake, shemeji, mkurugenzi ananyamaza, halafu linaingia gitaa," alisema fundi. "Mji mzima utafikiri tunamwoza."

"Kizime."

"Hakizimiki bila kuzima na matangazo yenyewe. Ila nikikibonyeza kitufe cha nyuma kinaanza kuhesabu upya. Nitakaa pale na kukibonyeza."

"Utajuaje wakati wa kukibonyeza?"

"Nitahesabu kwa vidole. Shule nilikwenda."

Saa saba mchana, baada ya habari za kwanza, taa nyekundu ikiwa imewaka juu ya mlango wa studio, Mkasi alivuta maikrofoni. Hakuwa ameandika mengi.

"Msikilizaji, wiki nne zilizopita nilikuletea mahojiano na mkurugenzi wa idara ya maji. Nilimuuliza kama anakunywa maji ya bomba. Ulisikia akijibu papo hapo. Hakujibu papo hapo. Alinyamaza, na mimi nilikiondoa kile kimya ili muda utoshe. Halikuwa jambo la haki, na naomba radhi, hasa kwa wazazi wa watoto waliougua. Mkurugenzi ametuandikia kuomba mahojiano yatangazwe kama yalivyokuwa. Haya hapa. Redio yako haijaharibika. Utakachosikia ni kimya."

Kupitia kioo alimwona mhariri mkuu amesimama, mikono nyuma. Mbele ya mashine yake fundi alikuwa amepiga magoti, midomo ikihesabu. Swali likapita. Feni. Kiti. Mkasi hakuwahi kujua kwamba sekunde kumi na moja ni ndefu kiasi kile. Aliwaza kwamba kwa miaka sita alikuwa amewaondolea watu vipande vikubwa namna hii vya maisha yao. *Krak.* Maji yakamiminika. Mtu akameza. Fundi, aliyekuwa amekwisha kubonyeza kitufe kwenye sekunde ya saba, akainua kidole gumba juu bila kugeuka.

"Ndiyo. Nayanywa. Ni salama."

Simu zilianza kabla hajamaliza kusoma utabiri wa hali ya hewa. Muuza vitambaa wa karibu na soko alieleza kwamba wateja wake walisimama kama waliopigwa picha, na chupa ilipolia duka zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu wa shule alipiga kusema mabomba ameyafunga tangu watoto walipougua, na kwamba kukosea na kukiri amekuwa akiwafundisha watoto kwa maneno tu. Wapo pia waliomkaripia, tena vikali, na Mkasi aliwasikiliza wote mpaka mwisho bila kuwakatiza. Mkurugenzi alipiga akiwa amewaka. Mhariri mkuu alimjibu kwa adabu kubwa: "Tumefanya ulivyoagiza kwa maandishi, mheshimiwa. Neno kwa neno na kimya kwa kimya." Alhamisi asubuhi magari ya idara yalikuwa mitaa ya mashariki, na vijana wenye sururu walikuwa wamekwisha kuichimbua barabara mpaka kwenye bomba.

Siku hiyohiyo mhariri mkuu alimpa karatasi mbili.

"Hii ya kwanza ni onyo. Inaingia kwenye faili lako na itakaa humo mwaka mzima. Hii ya pili ni mkataba."

Mkasi alizishika zote mbili bila kujua aanze kusoma ipi.

"Nikwambie jambo," mzee aliongeza. "Mimi nilijua tangu ripoti ile ya kwanza kwamba pana kitu kimekatwa. Kiti chake kinaanza kulia halafu sauti inakufa katikati. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, sikio haliniachi. Nilitaka kusikia utaniambia nini. Ungesema hukukata, hiyo ya pili ningeichana mbele yako."

"Kwa hiyo mlio wa kiti ulibaki na mkia? Sikuusafisha vizuri?"

"Hata kidogo. Mkasi butu kabisa." Na hapo wote wawili wakacheka kama watu waliotoka kuvuka mto wenye mkondo mkali.

Ijumaa alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji, barua ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mkoba. Binti yake alikuwa pembeni akiwa na sare ya shule. Karani aliyekaa nyuma ya kioo alichukua karatasi, akauliza jina, akauliza kazi. Mkasi alipojibu, karani aliinua uso.

"Hebu sema tena."

"Mwandishi wa habari za redio."

"Wewe ndiye yule wa juzi. Wa kimya."

"Ndiye mimi, ndugu yangu."

Karani alipekua karatasi moja moja, akatazama picha, akatazama watu wenyewe, akagonga muhuri mara mbili, wa mama na wa mtoto. "Miaka mitatu," alisema. Kisha akainama karibu na tundu la kioo, akashusha sauti. "Samahani, dada. Hivi sasa yale maji tunaweza kunywa?"

"Chemsha kwanza," alisema Mkasi. "Wamepata palipopasuka, lakini hawajamaliza. Wakimaliza nitakwenda kuyaangalia mwenyewe, halafu nitakwambia."

Walitoka nje. Kwenye ngazi za ofisi ile akaketi palepale katikati ya watu wanaopanda na kushuka. Binti alimuuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa. Alivua viatu, akanyoosha vidole vya miguu juani, akavuta pumzi ndefu kuliko zote alizovuta mwaka ule, kisha akaitoa polepole, bila haraka yoyote.